Masanduku matatu ya makaratasi ya marehemu baba: tuchome, tuuze kwa kilo au tuloweke?

SWALI: Assalam aleikum kaka. Niko Makorora, Tanga. Baba yetu alifariki mwaka jana, katuachia masanduku matatu ya bati na viroba viwili vimejaa makaratasi, steitimenti za benki, slipu za mshahara tangu akiwa karani kwenye shamba la mkonge, risiti, barua, kopi za vitambulisho vya watu, vyeti vya hospitali, mpaka juzuu zilizochanika. Mchwa washaanza kula. Kaka yangu kapata mtu ananunua kwa kilo, jirani anasema tuchome tu uwani, mimi naogopa vyote viwili. Njia salama ni ipi, na hii mashine ya kuchana karatasi inafaa kununua?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, poleni sana, Mola amrehemu mzee. Nimekaa masjala miaka mingi na watu wengi wananiuliza swali hili wakati majivu yashapoa, kwahiyo wewe umewahi.

Nianze na mnunuzi wa kilo. Yule hana ubaya, anatafuta riziki, ila karatasi zenu zikitoka hapo zinaenda kufungia karanga na bagia. Siku Coastal Union wanacheza pale Mkwakwani unanunua karanga, unakunjua karatasi, unakuta jina la mtu, namba ya akaunti na salio lake la mwezi wa tatu, na wala hukuwa unamchunguza. Na mimi kwa mzee aliyeacha nyumba siogopi sana namba ya akaunti, naogopa sahihi. Mtu akipata barua mbili tatu zenye sahihi ya marehemu, kopi ya hati au namba ya kiwanja, na picha yake ya pasipoti, anaweza kutengeneza karatasi ya mauziano ya tarehe za nyuma akaja kuwasumbua, na mzee hayupo wa kuulizwa. Halafu hizo kopi za vitambulisho vya watu si zenu, ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na inambana anayekusanya taarifa za watu kuanzia kuzitunza mpaka kuziharibu, sasa kama mzee alikuwa na kiduka au alikuwa anakopesha watu, hizo kopi msizichukulie kama magazeti.

Jirani naye na moto wake. Karatasi ikiwa moja moja inaungua vizuri tu, ikiwa bunda haiungui, kwasababu katikati hamna hewa, moto unakula kingo unaacha tumbo. Ukilichokoa bunda lililochomwa kwa haraka utakuta nje jeusi, ndani kurasa nyeupe kabisa, mistari inasomeka, na hata ile iliyogeuka nyeusi ukiiinamisha kwenye mwanga wakati mwingine maandishi yanaonekana yanang'aa. Na kusi ikivuma hapo Tanga vipande vinaruka ukuta vinamwangukia jirani huyohuyo aliyewashauri. Ukitaka moto ufanye kazi lazima utawanye, ukoroge na mti muda wote, masanduku matatu ni moshi wa kutwa nzima kwenye nyumba zilizobanana vile, na mkichanganya na makava ya plastiki na karatasi za kaboni mnavuta sumu. Kwa karatasi kumi sawa, kwa mzigo wenu hapana.

Lakini kabla ya kuharibu chochote kaeni mchambue, na hapa ndo watu wengi wanaharibikiwa, maana karatasi mbaya ikibaki mnaweza kuiharibu kesho ila nzuri ikiondoka hairudi. Msichambue kwa kusoma kila barua, mtalia na kazi haitaisha, tengeni kwa aina. Vya kubaki moja kwa moja: vyeti vya kuzaliwa, ndoa, talaka na kifo, vyeti vya shule, wosia, hati au ofa au karatasi ya mauziano ya kiwanja hata kama imeandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe, pamoja na risiti za kodi ya pango la ardhi, na zile za kodi ya majengo za kabla haijahamia kwenye LUKU mwaka 2021. Madai ya ardhi ukomo wake ni miaka 12 na ya mikataba ni miaka 6, ila za nyumba mimi siku zote nasema zikae tu, hazili ugali. Za biashara na TRA sheria inataka angalau miaka 5. Steitimenti za benki za zamani zaidi ya hapo, bili za maji, slipu za luku, risiti za dukani, hizo ziende, lakini kama mirathi haijafungwa msiguse cha benki wala cha ajira hata kimoja, subirini msimamizi amalize.

Kwenye slipu za mshahara hapo naomba utulie kidogo. Umesema mzee alikuwa karani wa mkonge, basi angalia kama kuna kadi au karatasi imeandikwa NPF, mfuko wa zamani wa akiba ya wafanyakazi. Vijana wanaiona wanasema huu mfuko ushakufa, tupa. Haukufa, NPF ndo iligeuka NSSF kwa sheria ya mwaka 1997. Hivyohivyo kwa mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF, mwaka 2018 ziliunganishwa ikawa PSSSF. Kama mafao ya wategemezi hayajalipwa, au yamelipwa na mnahisi miaka imepunjwa, ile slipu iliyoliwa na mchwa nusu inaweza kuwa ndo ushahidi pekee mlionao kwamba mwezi ule alikatwa. Pasipoti ya zamani msiiharibu wenyewe, ile ni mali ya serikali, irudisheni Uhamiaji, na vitabu vya hundi visivyotumika virudi benki. Na kama kuna faili lenye muhuri wa serikali lilisahaulika kwa mzee msiliharibu, nyaraka za serikali zina sheria yake ya mwaka 2002, rudisheni ofisi ilikotoka.

Sasa hizo za kuharibiwa, njia ninayowashauri watu wa nyumbani ni kuloweka na kuponda, ni rahisi na haina moshi. Tafuteni pipa lile la lita 200, toeni pini, klipu, makava ya plastiki na bahasha zenye kidirisha. Chaneni kila bunda mara mbili tatu kwa mkono, si lazima ziwe ndogo, mnachotaka ni maji yaingie katikati, maana ukitumbukiza bunda zima linafanya ileile tabia ya kwenye moto, nje limelowa ndani kavu. Maji lita 100 yanabeba kama kilo 5 za karatasi, yaani rimu mbili za A4 (rimu moja ni kama kilo mbili na nusu), mkizidisha hapo mkorogo unakuwa mzito haupondeki. Tieni sabuni ya unga kidogo, funikeni, acheni walau usiku na mchana, za kung'aa kama za kalenda zinataka siku mbili tatu. Halafu pondeni na mpini wa jembe mpaka iwe uji. Watu wanakosea hapa, wanaloweka, wanaona karatasi imelegea, wanamwaga. Kulowa tu hakufuti kitu, wino wa kalamu ya biki ni wa mafuta haukimbii maji, na maandishi ya printa ya leza ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi, unaweza kuloweka wiki ukaanika ukasoma vizuri tu. Kinachoua maandishi ni kuponda, nyuzi za karatasi zikiachana na herufi zinaachana. Chota kiganja kimoja, kandamiza, angalia kwenye jua, ukiona hata nusu ya neno rudi kuponda. Ikishakuwa uji kamueni kwenye kiroba, finyangeni madonge, changanyeni na maranda ya fundi seremala kama mnapata, mkianika yakakauka sawasawa yanasaidia kuwashia jiko.

Risiti zisitiwe humo. Zile laini za mashine ya EFD na za ATM hazina wino, karatasi yenyewe ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na nyingi zina kemikali ya BPA ambayo hutaki iingie jikoni. Za kuharibu zianikeni juani mpaka zifubae au ziwe nyeusi, chaneni, tupeni kwenye taka za kawaida. Na kwasababu zinafutika zenyewe, risiti mnayoihitaji itoleeni kopi sasa hivi.

Mashine, dada, mimi nisingenunua kwa kazi ya mara moja. Sanduku la bati likibeba kilo 40 ni rimu 16, karatasi 8,000, na mashine ndogo ya nyumbani inakula karatasi sita hivi kwa mpigo, inachemka baada ya dakika chache unaisubiri ipoe, na kwa unyevu wa Tanga karatasi zilizolegea zinakwama kwenye meno. Ukiamua kununua angalia boksi, kuna alama za viwango vya DIN 66399 vinavyoonyesha ukubwa wa vipande inavyotoa, chukua P-4. Zile zinazotoa mistari mirefu achana nazo, mstari wa milimita 6 unaigawa A4 vipande 35 tu, P-4 inatoa vipande karibu 400. Mistari inaungika. Ubalozi wa Marekani kule Tehran ulipotekwa mwaka 1979 walikuta nyaraka zimechanwa mistari, wakakalisha wafumaji wa mazulia wakaziunganisha mpaka zikasomeka, zikachapishwa vitabu.

Juzuu na karatasi zozote zenye aya zitengeni mwanzo kabisa zisichanganyike na pipa. Wengine wanazika pasipokanyagwa, wengine wanachoma kwa heshima mpaka liwe jivu, wengine wanapeleka baharini, muulizeni imamu wa msikiti wenu awaongoze.

La mwisho ni la kupiga picha. Vya muhimu pigeni picha kwa simu yenu au skanini, lakini mkienda steshenari pale Ngamiani kutoa kopi na kuskani, kumbukeni faili linabaki kwenye kompyuta ya dukani, na mkitumiwa WhatsApp linabaki na kwenye simu ya yule kijana. Nenda na flashi yako, kaa mbele ya skrini mpaka afute, kisha mwambie afungue na kile kikapu cha taka cha kompyuta akimwage na chenyewe.