Samaki wa barafu kwenye ea fraya: usingoje ayeyuke

Ndugu, umeuliza kwa nini minofu yako ya samaki wa barafu inatoka kwenye ea fraya (kile kikaangio cha hewa moto) na majimaji, nje imelegea na ndani bado baridi, na kama ni lazima uiyeyushe kwanza. Si lazima. Tatizo ni ile barafu ya juu: ikiyeyuka inageuka mvuke, na samaki anachemka badala ya kukaangika.

Mimi hufanya hivi. Namsuuza haraka kwa maji baridi barafu ya juu itoke, namkausha, kisha namweka mtupu, bila chumvi wala viungo, kwa nyuzi 180 kwa dakika 5. Namtoa, namwaga maji yaliyojikusanya chini ya kikapu, namfuta tena kwa karatasi ya jikoni. Hapo ndipo napaka mafuta kijiko kimoja, chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Ukipaka viungo kabla, vyote vinateleza na yale maji, nimeshavipoteza mara nyingi tu.

Mrudishe kwa nyuzi 200, dakika 7 hadi 10 kwa mnofu wenye unene wa sentimita 2 hivi. Usirundike vipande, hewa lazima ipite katikati. Mchokoe kwa uma pale penye unene: nyama ikiachana kwa urahisi na haing'ai tena, ameiva. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63.

Wale waliokwisha kupakwa chenga za mkate kiwandani wapeleke moja kwa moja, usiwasuuze. Limau kamulia mezani.