Jibu: Chokoleti kuwa mabonge unapoiyeyusha

Umeuliza kwa nini chokoleti yako inakuwa mabonge unapoiyeyusha kwa ajili ya vitafunwa vya biskuti, mashimelo (peremende laini kama sponji) na siagi ya karanga. Mara nyingi chanzo ni maji. Tone moja tu, au mvuke unaoingia bakulini, hulowesha sukari na kakao, chembe zikashikana. Kausha bakuli na kijiko kabisa, kisha weka bakuli juu ya sufuria yenye maji machache ya moto. Lisiguse maji, wala usilifunike.

Kwa gramu 200 za chokoleti tia gramu 100 za siagi ya karanga, ile laini isiyo na vipande. Mafuta ya karanga hayagandi kama ya kakao, hivyo mchanganyiko ukipoa unabaki laini kidogo na kukatika vizuri. Mimi huongeza chumvi kidogo, napenda sana inavyopunguza utamu wa mashimelo.

Mchanganyiko ukishayeyuka, epua na uache upoe kidogo ndipo utie biskuti zilizovunjwa na mashimelo, la sivyo mashimelo nayo yatayeyuka. Mimina kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, weka kwenye friji kwa muda wa saa mbili hivi. Kabla ya kugawa, waulize walaji kama kuna mwenye mzio wa karanga.