Maswali Yenu: Kupima miti na vichaka vya miombo Mikumi

SWALI: Nafundisha Baiolojia kidato cha tano. Tunawapeleka wanafunzi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi wakaeleze mchanganyiko wa miti na vichaka kwenye miombo, yaani misitu ya wazi inayopukutisha majani kiangazi. Safari iliyopita walirudi na orodha ya majina tu. Tufanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, orodha ya majina haionyeshi mti upi umetawala wala upi unakuja kurithi nafasi yake. Pimeni viwanja. Ombeni kibali mapema, na msishuke garini bila askari wa hifadhi.

Kila kiwanja kiwe mita 20 kwa 20, ndani ya miombo ya vilimani. Msikipime kando ya barabara, maana pale mwanga na moto ni tofauti, wala msichanganye na uwanda wa Mkata, ambao kwa sehemu kubwa ni nyasi. Pimeni mzunguko wa kila shina katika kimo cha mita 1.3, kisha gawanyeni kwa 3.14 mpate kipenyo: mzunguko wa sm 63 ni kipenyo cha sm 20. Mmea wenye kipenyo cha sm 5 na zaidi uandikwe kama mti. Ukigawanyika chini ya mita 1.3, pimeni kila shina lakini mhesabu mti mmoja. Hapa ndipo idadi huvimba bure, hasa kwa mpingo wenye mashina mengi. Hekta moja ni viwanja 25 vya ukubwa huu, hivyo mkipata miti 14, zidisheni kwa 25: ni 350 kwa hekta.

Vichaka na miche ihesabiwe peke yake, kwenye kona moja ya mita 5 kwa 5. Mkiichanganya na miti mikubwa, vichaka vitafunika kila kitu kwa wingi wake.

Majina ya kienyeji hubadilika kila wilaya, kwa hiyo andikeni pia sura ya jani. Kati ya miti mikuu ya miombo, Brachystegia spiciformis huwa na jozi chache za vijani (vipande vidogo vinavyounda jani moja), mara nyingi nne, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Julbernardia globiflora hufanana nayo sana, ila jozi yake kubwa iko katikati. Brachystegia boehmii ina vijani vidogo vingi vilivyobanana. Pigeni picha au okoteni jani chini mlitazame palepale; msikate tawi. Msiende miezi ya ukame mkali, kwani miti mingi huwa imepukutisha majani.

Mninga mkubwa ni rahisi: tunda lake ni la duara, bapa, lenye miiba katikati. Mche wake ndio huwapotosha wengi. Kwa miaka kadhaa shina la juu hukauka kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini mvua zikinyesha. Kijiti kikavu cha mninga msikiandike kuwa kimekufa kabla ya kutazama chipukizi pale kinapotokea ardhini.