Kokotoa uga kwanza, ndipo useme ni pande mbili au tatu

Ukipima superkondakta ya halijoto ya juu (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani) ndani ya uga wa sumaku, usikimbilie grafu. Anza na kalamu. Chukua kwanta ya fluksi (kipande kidogo kabisa cha fluksi ya sumaku), 2.07×10⁻¹⁵ Wb, igawe kwa mraba wa γs. Jibu ni uga wa kizingiti: chini yake sampuli hutenda kwa pande tatu, juu yake kwa pande mbili. Hapo s ni nafasi kati ya matabaka ya shaba na oksijeni. Nayo γ ni urefu wa koherensi (umbali mfupi kabisa ambao hali ya superkondakta hubadilika) ndani ya tabaka ukigawanywa kwa ule wa kuvuka matabaka.

Kwa YBCO (oksidi ya itri, bari na shaba) yenye oksijeni ya kutosha (γ kama 7, s nm 1.2) unapata takriban tesla 29. Kwa Bi-2212 (oksidi ya bismuthi, stronti, kalsiamu na shaba) yenye γ 150 na s nm 1.5, ni tesla 0.04 tu. Kwa hiyo uga wa tesla 1 ulio wima kwa matabaka huziacha vorteksi (mirija ya fluksi ya sumaku inayopenya sampuli) za YBCO zikiwa nyuzi nzima, lakini za Bi-2212 huwa zimekatika visahani, kila tabaka na chake. γ isinakiliwe ya sampuli ya mwingine: oksijeni ikipungua kwenye YBCO, γ hupanda.

Pembe ndiyo huharibu kazi nyingi. Tuseme unataka uga wa tesla 5 ulale sambamba na matabaka ya Bi-2212, ukakosea digrii 1. Sehemu iliyo wima ni tesla 0.087, mara mbili ya kile kizingiti! Zungusha sampuli kwa hatua za digrii 0.1 huku vorteksi zikiwa bado zinatembea, utafute pale ukinzani unapotumbukia chini kabisa. Fikia pembe hiyo kutoka upande uleule kila mara, maana gia za kuizungusha huwa na ulegevu.

Katika uga mkali, upana wa mpito (masafa ya halijoto ambamo sampuli huingia hali ya superkondakta) hukua kwa H^(2/3), H ikiwa ni uga, ikiwa ni pande tatu, na H^(1/2) ikiwa ni mbili. Ukipima kati ya tesla 2 na 4 tu, ni mara 1.59 dhidi ya 1.41, hapo ukiiacha Tc(H), yaani halijoto ya mpito katika uga H, huru, data itakubali vyote viwili, na huo si ushahidi. Toka tesla 1 hadi 8 tofauti ni 4 dhidi ya 2.8. Tena Tc(H) ileile itoshe ukinzani na usumaku wa sampuli hiyohiyo. Ikikataa, kielelezo ulichochagua hakifai.

Viunganishi vya mkondo navyo vifunike kingo za fuwele. Vikikaa juu tu, kwenye Bi-2212 mkondo hubaki kwenye matabaka ya juu, na utasoma jiometri ya waya ukidhani ni fizikia.