Kitufe cha Kuzima Kikipotea kwenye Linux, Mtafute Aliyekataa

Mgeni wa Linux akifungua menyu na kukuta neno la kutoka peke yake, bila kuzima wala kuwasha upya, mara nyingi hukimbilia kusakinisha eneo-kazi (desktop) upya. Anamaliza vifurushi vyake vya intaneti na kitufe hakirudi. Hakirudi kwa sababu menyu haijiamulii. Kabla ya kuchora kitufe hicho, eneo-kazi kama Xfce, MATE, LXQt au GNOME huiuliza systemd-logind, huduma inayosimamia vikao vya watumiaji, kama mtumiaji huyu anaweza kuzima mashine. Logind nayo humuuliza polkit, mlinzi wa ruhusa. Jibu likiwa baya, kitufe hufichwa au hupauka. Kwa hiyo usiguse faili lolote kabla hujajua nani katoa jibu hilo na kwa nini.

Wakati unatafuta, mashine bado inaweza kuzimwa kwa heshima. Fungua terminali uandike `systemctl poweroff`, au `systemctl reboot` kama unataka kuiwasha upya. Usishikilie kitufe cha chasisi mpaka taa izime: hapo unakata umeme, na kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu bila kuandikwa diskini kimepotea. Jarida la ext4, mfumo wa faili wa Linux, hulinda mpangilio wa faili, halikulindii barua uliyokuwa unaiandika. Kukibonyeza mara moja na kukiachia ni jambo jingine, kwani mpangilio wa kawaida wa logind ni `HandlePowerKey=poweroff`, kuzima kwa utaratibu, isipokuwa eneo-kazi lenyewe limejitwalia kitufe hicho.

Sasa uliza swali lilelile ambalo menyu huuliza. Amri hii iandike kwenye terminali ndani ya eneo-kazi lenye tatizo. Ukiingia kutoka mbali kwa SSH utapata jibu la kikao kingine kabisa.

```
busctl call org.freedesktop.login1 /org/freedesktop/login1 org.freedesktop.login1.Manager CanPowerOff
```

Badilisha neno la mwisho liwe `CanReboot` ujue habari za kuwasha upya. Majibu makuu yako manne. `yes` ni ruksa bila masharti. `challenge` ni ruksa ukitoa nenosiri la msimamizi. `no` ni marufuku. `na` maana yake mfumo wenyewe hauwezi kitendo hicho. Amri ikigoma kwa kulalamika kwamba huduma haikupatikana, basi logind haiko hai, na hapo ndipo pa kuanzia.

Jibu likiwa `yes` na kitufe hakionekani, waache logind na polkit, hawana kosa. Tatizo liko kwenye mipangilio ya eneo-kazi. Kwenye Xfce, bofya kulia kile kipande cha paneli chenye jina lako, fungua sifa zake, utakuta orodha ya vitendo vyenye visanduku vya kuweka alama. Mara nyingi kuzima kuliondolewa alama tu. Angalia pia kama kuna faili `/etc/xdg/xfce4/kiosk/kioskrc`. Wasimamizi wa maabara hulitumia kuwazuia wanafunzi, na mstari wa `Shutdown=NONE` chini ya `[xfce4-session]` unatosha kuficha kila kitu. GNOME ina tabia zake. Toleo la 3.0 la mwaka 2011 lilificha kuzima nyuma ya kitufe cha Alt, na kuwasha upya kulipata mstari wake kwenye menyu katika toleo la 3.38 la 2020. Ukisoma maelekezo ya zamani utatafuta vitu visivyokuwepo. Kama kilichopotea ni kitufe cha kutoka, GNOME hukificha makusudi mashine ikiwa na mtumiaji mmoja. Kirudishe hivi:

```
gsettings set org.gnome.shell always-show-log-out true
```

Na kama vitufe vimekosekana kwenye skrini ya kuingilia ya LightDM, fungua `/etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf`, utafute mstari wa `indicators=`, uhakikishe `~power` imo.

Jibu likiwa `no` au `challenge`, na hiki ndicho kisa cha wengi, kagua kikao chako, yaani kile kinachoanza unapoingia na kuisha unapotoka. Andika `loginctl` upate namba ya kikao, kisha, tuseme namba ni 2:

```
loginctl show-session 2 -p Active -p Remote -p Seat -p Type
```

Unachotaka kuona ni `Active=yes`, `Remote=no` na `Seat=seat0`. Polkit huwagawa watu mafungu matatu: aliyekaa mbele ya mashine na kikao chake kiko hai, mwenye kikao cha hapo hapo lakini kimelala, na wengine wote. Wa kwanza huruhusiwa kuzima bila kuulizwa. Wawili waliobaki hudaiwa nenosiri la msimamizi. Sera yenyewe unaweza kuisoma kwa `pkaction --verbose --action-id org.freedesktop.login1.power-off`. Kwa hiyo mtu anayetumia mashine kutoka mbali kwa VNC au xrdp asiyeona kitufe hana hitilafu yoyote. Mfumo umemwona kuwa yuko mbali, na kweli yuko mbali.

Ukiwa mbele ya mashine na `loginctl` haina kikao chako hata kimoja, kuna kipande hakijasakinishwa. Hutokea sana kwa waliojenga Debian ndogo kwa `--no-install-recommends`, wakaweka Xorg na Xfce tu. Kinachomwandikisha mtumiaji kwa logind ni moduli ya `pam_systemd`. Itafute:

```
grep -r pam_systemd /etc/pam.d/
sudo apt install libpam-systemd dbus-user-session polkitd
sudo pam-auth-update
```

Kwenye orodha itakayotokea, mstari unaotaja systemd uwe na alama. Debian iliyo chini ya 12 haina `polkitd`. Kifurushi chake huitwa `policykit-1`. Baada ya hapo washa mashine upya. Usijaribu kuianzisha upya systemd-logind ukiwa ndani ya eneo-kazi, inaweza kukuangushia kikao kizima pamoja na kazi uliyofungua.

Wanaotumia `startx`, amri ya kufungua eneo-kazi kutoka skrini ya maandishi (tty), wana mtego wao. Ukiingia kwenye tty1 halafu Xorg ikafunguka kwenye tty7, logind inaona umehama na kikao chako cha tty1 kimelala. Andika `startx -- vt$XDG_VTNR` ili ibaki palepale. Na kama umejiandikia `.xinitrc` yako, faili ambalo `startx` hulifuata, yaite mafaili ya `/etc/X11/xinit/xinitrc.d/` kabla ya mstari wa `exec`. Debian huyaweka kwenye `/etc/X11/Xsession.d/`, na njia fupi huko ni kutumia `.xsession`. Kuingia kama mtumiaji mmoja kisha kufanya `su` kwenda kwa mwingine hakumpi huyo wa pili kikao.

Mifumo isiyo na systemd, kama Void, Devuan au Artix, hutumia elogind mahali pa logind. Mantiki ni ileile na `loginctl` ipo, lakini dbus, inayopitisha ujumbe kati ya programu, na elogind lazima ziwe hai. Ukikuta maelekezo yanayotaja `ck-launch-session`, yapite. Hiyo ni ConsoleKit, na zama zake zimekwisha.

`challenge` ina tatizo lake dogo: lazima pawepo programu ya kukuonyesha dirisha la nenosiri. GNOME na KDE wanayo. Ukitumia Openbox au i3, ambazo husimamia madirisha tu, sakinisha `lxpolkit` au `mate-polkit` uianzishe pamoja na eneo-kazi, la sivyo utabofya kitufe na kisitokee kitu.

Sasa tuseme mtumiaji wa mbali anastahili kweli kuzima mashine. Tengeneza kundi kwa `sudo groupadd wazimaji`, mwingize kwa `sudo usermod -aG wazimaji juma`, kisha andika `/etc/polkit-1/rules.d/40-kuzima.rules`:

```
polkit.addRule(function(action, subject) {
    var vitendo = [
        "org.freedesktop.login1.power-off",
        "org.freedesktop.login1.power-off-multiple-sessions",
        "org.freedesktop.login1.reboot",
        "org.freedesktop.login1.reboot-multiple-sessions"
    ];
    if (vitendo.indexOf(action.id) >= 0 && subject.isInGroup("wazimaji")) {
        return polkit.Result.YES;
    }
});
```

Vile viwili vyenye `multiple-sessions` ndivyo wengi husahau. Bila hivyo, mambo huenda vizuri mpaka siku mtu wa pili aingie kwenye mashine. Mafaili husomwa kwa mpangilio wa majina na sheria ya kwanza kutoa jibu ndiyo hushika, ndiyo maana ya ile 40 mwanzoni. Jina lisipoishia na `.rules` faili halisomwi. Ukikosea mabano faili zima hutupwa bila dirisha lolote la onyo. Kosa utaliona kwa `journalctl -b -u polkit`. Tena polkitd haiendeshwi kama root, kwa hiyo ukiliweka faili kwa ruhusa 600 chini ya root haiwezi kulisoma, 644 inatosha. Mafaili ya `.pkla` unayoyaona kwenye maelekezo ya zamani ni mtindo wa kabla ya polkit 0.106. Na kuongeza `NOPASSWD` kwenye sudoers, faili la ruhusa za sudo, kutakuwezesha kuzima kwa amri, lakini menyu haimuulizi sudo chochote.

Kikao kikiwa sawa, sheria ikiwa sawa, na jibu bado ni baya, tazama mambo mawili. La kwanza ni `systemd-inhibit --list`, inayoonyesha programu iliyoomba mashine isizimwe, kwa mfano usasishaji unaoendelea. Hapo subiri umalizike. La pili ni `/etc/fstab`: mstari wa `/proc` wenye `hidepid=2` huzuia polkit kumwona anayeuliza, na bila kumwona haimpi ruhusa. Uondoe, uwashe mashine upya, kisha urudie ile amri ya `CanPowerOff`.