The Boys kitabu cha 12: cheki kwanza kama ulisoma cha 10

Salama mkuu, mimi niko Mtwara mjini. Umesema umemaliza cha 12 cha The Boys, ile komiki ya kikundi kinachowawinda mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kimekuvunja moyo, Butcher kiongozi wa kikundi anageuka kuua wenzake ghafla, ndo unauliza kama kopi yako imekatwa kurasa. Haijakatwa. Cheki kwanza kama ulisoma cha 10, kile kinarudi nyuma kwenye maisha ya Butcher na mkewe Becky na wengi wanakiruka, hasa sisi wa kuazimana, cha kwangu kilikaa Lindi mpaka nikakifuata mwenyewe. Bila hicho hasira zake huzielewi.

Ila hata ukikisoma cha 12 bado kinauma. Homelander anakufa cha 11, sasa adui mkubwa hayupo halafu Frenchie na mwenzake wa kike, wote wa kikundi hicho, wanakufa kwa bomu tu, watu tumekaa nao tangu 2006! Kinachokiokoa kwangu ni pale juu kwenye jengo la Empire State, Butcher hawezi hata kusogea anamdanganya Hughie, kijana wa kikundi chake, kwamba kawaua wazazi wa Hughie ili tu Hughie ammalize. Parudie pale taratibu, uangalie nyuso.

Halafu tafuta mwendelezo wake, Dear Becky ya 2020, matoleo 8, Hughie karudi Scotland.