Mkianza Kichina, msimtaje mtu kila sentensi

Wadogo zangu mnaoanza Kichina, wengi wenu mtajifunza kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, kama nilivyofanya mimi. Kwa hiyo ugonjwa wa wazungumzaji wa Kiingereza utawapata na ninyi: kutia "wǒ" (mimi) na "tā" (yeye, au hicho kitu) kila mahali.

Muhula wangu wa kwanza Wuhan, huko China, nilikaa dawati moja na kijana kutoka Uingereza. Tulipoambiwa tuandike insha kuhusu familia, aliandika: "Wǒ gēge zhù zài Běijīng. Tā shì yīshēng. Tā měi tiān qī diǎn qǐchuáng. Tā zuò dìtiě qù shàngbān." Kaka yake anaishi Beijing, ni daktari, huamka saa moja asubuhi, huenda kazini kwa treni ya chini ya ardhi. Kisarufi hapakuwa na kosa. Lǎoshī, yaani mwalimu, alichukua kalamu nyekundu, akakata "tā" zote tatu, nukta akazigeuza mikato, akamrudishia daftari. Sentensi nne zikawa moja, na kaka akatajwa mara moja tu.

Kiingereza hakivumilii kitenzi kisicho na mtenda. Hata mvua ikinyesha, lazima watafute kijineno cha kukaa mbele ya kitenzi, ingawa hakimtaji yeyote. Mchina anasema "Xià yǔ le", basi.

Sisi Waswahili tuna pa kuanzia. Tunajua tofauti ya "nimekula" na "mimi nimekula". Hiyo "mimi" huja pale unapotaka kujitofautisha na wengine. Ukiulizwa "Chī le ma?" (umekula?), jibu "Chī le" inatosha. Lakini angalieni: kwetu "ni-" inabaki ndani ya kitenzi, kwa Mchina hakibaki kitu. "Chī le" inaweza kuwa nimekula, amekula, wamekula. Anayesikiliza anajua kwa sababu anajua mnamzungumzia nani. Mwanaisimu C.-T. James Huang, katika makala yake ya 1984, alieleza kwamba Kichina ni lugha inayoegemea mazungumzo na mada kuliko sentensi mojamoja, na mada ikishajulikana inaweza kuachwa. Kwangu maelezo hayo yalisaidia kuliko kanuni zote za kitabuni, maana niliacha kujiuliza "hapa nifute?" nikaanza kujiuliza "bado namzungumzia yuleyule?"

Swali hilo lina pande mbili. Yule mwenzangu, baada ya kalamu nyekundu, alianza kufuta kila kitu. Wiki chache baadaye akasimama kusoma: "Māma gěi jiějie dǎ diànhuà, shuō bìng le." Mama alimpigia dada simu, akasema anaumwa. Lǎoshī akauliza, "Shéi bìng le?" Nani anaumwa? Darasa zima tulidhani ni mama. Alimkusudia dada. Hapo mtu amebadilika, kwa hiyo dada alipaswa kutajwa tena: "jiějie shuō bìng le". Mimi nasoma insha yangu kwa sauti na kupiga mstari kila mahali mtu anapobadilika. Penye mstari namtaja, kwingine namwacha.

Vitu navyo ni hivyohivyo, na hapa hata sisi tunateleza. Ukiulizwa kama umekisoma kitabu fulani, Kiswahili kinakudai "nimekisoma". Mchina anajibu "Kàn le", hakuna "ki" wala chochote. Na umenunua kitabu cha bei kubwa? "Wǒ mǎi le yì běn shū, hěn guì." Nimenunua kitabu, ni ghali. Msiweke "tā" kabla ya "hěn guì".

Masikio yatawafundisha upesi kuliko daftari. Kaeni karibu na kaunta ya duka la tambi wakati wa chakula cha mchana, msikilize muuzaji na mteja:

"Yào shénme?" (Unataka nini?)
"Yào yì wǎn miàn." (Nataka bakuli moja la tambi.)
"Yào là ma?" (Unataka pilipili?)
"Bú yào." (Sitaki.)

Bakuli la tambi limeagizwa, bila pilipili, na hakuna aliyesema mimi wala wewe.